Jinsi ya kumwambia mtu wako unampenda kwa Kifaransa, pamoja na zile pole, umekula na safari njema zetu

Habari zenu ndugu zangu. Mi niko Kigoma, kibanda changu cha uwakala kiko njia ya kushukia Kibirizi, pale maboti ya mbao ya kwenda Burundi na Congo yanapopakia mzigo, na kwa vile nililelewa Bujumbura kwa mama mdogo na shule nikasomea kule, watu wamezoea kuniletea simu zao, "dada hebu niandikie hapa kwa Kifaransa, af usimwambie mtu". Basi nimeandika za wachumba, za wake na waume, za wakwe, za mama anamwandikia mtoto aliyeolewa ng'ambo, na kila siku makosa naona ni yale yale, tena ya watu wenye upendo wa kweli kabisa ila neno limetoka vibaya na mwenzie kanuna wiki nzima. Kwaiyo nimeona niyaandike hapa taratibu usome mwenyewe, maana mambo mengine ya moyoni hutaki hata mimi niyaone.

Kuna wanaouliza Kifaransa cha nini wakati watu wa Uvira na Kalemie kule Congo Kiswahili wanaongea, na Bujumbura ukienda Buyenzi Kiswahili kimejaa. Ni kweli, kuongea wanaongea. Kuandika ndo kitu kingine, shule yao ni ya Kifaransa, kadi ya harusi Kifaransa, tangazo la msiba Kifaransa, na mtu akitulia anaandika kwa lugha aliyofundishwa kuandikia. Anaweza akakuongelesha Kirundi au Kiswahili mchana kutwa alafu usiku anakutumia "bonne nuit mon cœur", yani usiku mwema moyo wangu, sasa we ukijibu "poa" unakua umemwacha peke yake pale. Na mtu akiona umehangaika kuandika lugha yake inamgusa hata kama herufi mbili zimekosewa, hilo nimeliona kwa macho yangu mara nyingi.

Anza hapa kabla hujagusa simu

Jiulize nani anamwambia nani. Mi mtu akinipa simu swali la kwanza ni hilo, na wengi wanashangaa, wanataka nitafsiri tu. Kiswahili chetu kinaficha mambo mengi, ukisema "nimefurahi kukuona" hapo hatujui we ni mwanaume au mwanamke, wala unamwambia mtoto au mzee. Kifaransa kinataka ujitaje. Mwanaume ataandika "je suis content de te voir", mwanamke ataandika "je suis contente de te voir", na hiyo e ya mwisho inasikika kabisa mdomoni, wa kiume anasema "konta(n)" anaishia puani, wa kike anasema "kontant" na t yake. Kupenda nako hivo hivo, mwanaume "je suis amoureux de toi", mwanamke "je suis amoureuse de toi". Yani dada ukikopi meseji ya mwanaume mtandaoni ukaituma kama ilivo, mpenzi wako anasoma anaona umeandikiwa na mwanaume, na hapo maswali yanaanza.

Alafu kuna "tu" na "vous". Sisi heshima tumeiweka kwenye shikamoo. Kifaransa hakina shikamoo, usiitafute, heshima yote iko kwenye "vous", ni kama unamsemesha mtu mmoja kana kwamba ni wengi. Ndugu zangu Waha mtaelewa haraka maana Kirundi, ndugu wa Kiha chenu, pia kina hii, mzee anaambiwa "mwaramutse", yani mmeamkaje, wakati yuko mmoja. Mpenzi, mdogo wako, rafiki, mtoto, hao ni "tu". Mzazi wa mwenzio, mchungaji, shekhe, mwalimu, mtu mzima usiyemjua, hao ni "vous". Mama mkwe usimwite "belle-mère" usoni, hilo ni neno la kumtaja ukiwa unasimulia, we mwite "maman" kama tunavomwita mama huku, lakini na vous yake: "Bonjour maman, comment allez-vous ? Vous avez bien dormi ?", yani salamu mama, hujambo, umelala vizuri?

Hili niliwahi kulikosea mimi mwenyewe. Nilikua na foleni ya watu wa kutoa hela, kijana akanipa simu aandikiwe salamu kwa mama wa mchumba wake, nikaandika haraka haraka "comment vas-tu". Baada ya siku mbili kijana akarudi amepooza, kaambiwa mama kauliza huyu mkwe kalelewa wapi. Iliniuma sana, nilifunga kibanda mapema siku ile tukakaa tukaandika upya, tukaweka vous kila mahali na tukaomba radhi, "Pardonnez-moi maman". Mama alisamehe. Tangu hapo simu ya mkwe siiandiki nikiwa na foleni.

Kiswahili chako tayari kinajua nusu ya kazi

Watu wanaogopa Kifaransa bure, kuna kitu mswahili anacho ambacho wengine hawana. Chukua "ninakupenda". Ni-na-ku-penda. Ni mimi, ku ni wewe, penda ni tendo, na ona kwamba huyo "wewe" kakaa katikati, mbele ya tendo. Sasa tazama "je t'aime". Je ni mimi, t' ni wewe (ni "te" imekatwa kwa sababu inafuatwa na irabu), aime ni penda. Mpangilio ni ule ule kabisa! Ninakuona, "je te vois". Ninakusikia, "je t'entends". Ninakusubiri, "je t'attends". Unanipenda? "Tu m'aimes ?" Hapo ni yetu imekua m'. Anakusalimia kwa mwanaume ni "il te salue", kwa mwanamke ni "elle te salue". Tunapendana, "nous nous aimons". Ukishaona hii mara moja huwezi kuisahau, we tafuta tu ile silabi ya katikati ya kitenzi chako umpe mwenzake wa Kifaransa.

Kukanusha nako tunafanana. Sisi tunakibana kitenzi pande mbili, si-ku-on-i, si mbele na i nyuma. Wao wanabana na ne mbele na pas nyuma, "je ne te vois pas". Sikusahau ni "je ne t'oublie pas". Kwenye kuongea wengi wanaitupa ile ne, utasikia "je t'oublie pas", usishtuke, we ukiandika iweke.

Panapobadilika ni kwenye kuagiza. Nipigie, nisubiri, niambie, sisi ni inabaki mbele, wao wanairusha nyuma na kuwa moi: "appelle-moi", "attends-moi", "dis-moi". Ukikataza inarudi mbele, usinisahau ni "ne m'oublie pas".

Nakupenda yenyewe

Hapa nikae kidogo maana ndo pametuletea shida nyingi. Kuna kaka wa bodaboda anapaki karibu na kibanda changu, ana mchumba Uvira, binti mwenye adabu zake, walijuana binti alipokuja na mama yake kuchukua mzigo wa dagaa. Siku moja kaka kaja hana raha, simu ile kioo kimepasuka kona, ananionesha binti amesoma tangu juzi na hajibu. Nikasoma alichoandika. "Je t'aime bien." Nikamuuliza ulitaka kusema nini, akasema nilitaka kusema nakupenda vizuri kabisa, nakupenda sana, nikaona "bien" ni vizuri nikaiongeza.

Sasa elewa. Kwa Kiswahili ukiongeza neno upendo unaongezeka, nakupenda, nakupenda sana, nakupenda sana sana. Kifaransa kwenye neno hili kinaenda kinyume. "Je t'aime" peke yake ndo kubwa kuliko yote, haihitaji chochote. Ukiweka "bien" unakua umemwambia we ni mtu mzuri, nakukubali, tubaki marafiki. "Je t'aime beaucoup" nayo, pamoja na kwamba beaucoup ni sana, ni ya dada, shangazi, rafiki wa karibu, kwa mpenzi inapunguza makali. Kwaiyo yule binti alisoma kwamba mchumba wake anamrudisha kwenye urafiki, na mahari ilikua imeshaanza kuongelewa. Tulimwandikia "Je me suis trompé de mots. Je t'aime." Yani nilikosea maneno, nakupenda. Basi, nukta. Alitaka niongeze imoji kumi nikamwambia acha hivo hivo.

Ukitaka kweli kuonesha ukubwa usiongezee sifa, ongeza muda au sababu: "je t'aime depuis le premier jour", nakupenda tangu siku ya kwanza, au "je t'aime et je pense à toi", nakupenda na nakuwaza. Kuna na "je t'adore", hii ni ya furaha, unaweza kumwambia mpenzi au rafiki aliyekufanyia jambo, haina uzito wa kiapo. Neno aimer lenyewe wanalitumia hata kwa chakula kama sisi na kupenda, "j'aime le poisson", napenda samaki, kwaiyo uzito uko kwenye te, siyo kwenye aime.

Nimekumisi

Hii ndo inapindua watu vichwa chini miguu juu. Mtu anafikiria je ni mimi, te ni wewe, basi nimekumisi ni "je te manque". Hapana! Umeandika wewe ndo unanimisi mimi. Sentensi sahihi ni "tu me manques", na wewe ndo unaanza. Njia ya kuielewa bila kuhangaika, sahau kumisi, chukua kitenzi chetu cha kupungukia. Sukari ikiisha ndani tunasema imetupungukia, mwenye kupungua ni sukari, mwenye kuumia ni sisi. Tu me manques ni "wewe umenipungukia". Tu ni u-, me ni -ni-, ipo vile vile. Mi nikimfundisha mtu hivi anashika hapo hapo. Ukimmisi mama, "maman me manque", mama amenipungukia. Ukiwamisi wote nyumbani, "vous me manquez". Na ukitaka kujua kama yeye amekumisi ndo unauliza "je te manque ?", nimekupungukia?

Binafsi naona Kiswahili cha umenipungukia ni kitamu kuliko kumisi, sijui kwa nini hatukitumii kwenye mapenzi.

Majina ya kumwita

Sheri tunalijua wote kwenye muziki wa dansi, linaandikwa "chéri" kwa mwanaume na "chérie" kwa mwanamke, linasikika sawa. Mwanaume ni "mon chéri", mwanamke "ma chérie". Ila "mon amour" ni mon kwa wote wawili, usimwandikie dada "ma amour", na hata rafiki wa kike ni "mon amie" kwa sababu neno likianza na irabu ma inageuka mon ili ulimi usijikwae. "Mon cœur", moyo wangu, na "mon trésor", hazina yangu, zinafaa kwa yoyote, hata mtoto. Wafaransa wanaitana "mon chou" na "ma puce", ukitafsiri neno kwa neno ni kabichi yangu na kiroboto wangu, kwao ni maneno matamu kabisa ya kumdekeza mtu, kwaiyo ukiitwa kiroboto usikasirike, umependwa. Lakini mi nakushauri uyapokee tu, kuyatuma subiri mpaka umsikie mwenyewe anayatumia.

Congo utasikia mke anamwita mumewe "papa" na mume anamwita mkewe "maman", kama sisi na baba fulani mama fulani. Hiyo ni heshima na mapenzi pamoja. Shemeji wa kiume ni beau-frère, wa kike belle-sœur. Na kuwa makini na "copain", "un copain" ni rafiki tu, "mon copain" ni mpenzi wangu, yani ukimtambulisha kaka jirani kwa "mon copain" mbele ya mchumba wako utakua na kazi ya kueleza. Sema "un ami" au "un voisin".

Pole

Hili neno linaniuma kulitafsiri maana ni zuri na wenzetu hawana moja linalobeba yote. Programu za simu zinakimbilia "désolé", na désolé ikiwa peke yake inasikika kama unaomba msamaha, kama we ndo umesababisha. Kuna mama mmoja wa dagaa, pale Kibirizi anaanika kwenye vichanja, ana mwenzie wa biashara Bujumbura wameaminiana miaka, wanapeana mzigo kwa mkopo bila karatasi. Mtoto wa mwenzie akalazwa. Mama kaja kwangu na mikono bado ina magamba, hataki kushika simu isichafuke, ananiambia andika pole. Nikamuuliza pole ya nini mama, akanitazama. Pole tu mwanangu, mtoto anaumwa, na yeye halali, na hela inamwishia, na mi siwezi kwenda. Nikaona hapo pole moja ina pole nne. Tukaandika:

"Ma sœur, courage. Je pense à toi et au petit. Bon rétablissement à lui. Ne t'inquiète pas pour l'argent. Dis-moi comment il va."

Dada yangu, jikaze. Nakuwaza wewe na mdogo. Apone upesi. Usiwe na wasiwasi na hela. Niambie anaendeleaje. Akasema soma tena, nikasoma tena, akasema tuma.

Kwaiyo pole igawe. Mtu anafanya kazi, pole na kazi, ni "bon courage". Karudi kachoka, "repose-toi bien". Mgonjwa, "bon rétablissement" au "soigne-toi bien". Katoka safari, muulize "tu as fait bon voyage ?", umesafiri vizuri. Kaanguka au kaibiwa, "courage", hili ukiwa Burundi na Congo utalisikia sana na ndo limekaribia pole yetu kuliko yote. Msiba ni "toutes mes condoléances", na familia unaiambia "je suis de tout cœur avec vous", niko nanyi kwa moyo wote. Désolé nayo siyo marufuku, itumie ukitaja jambo lenyewe, dada ataandika "je suis désolée pour ta mère", kaka anatoa ile e ya mwisho, hapo inaeleweka ni huzuni.

Upendo wa kila siku

Sisi upendo mwingi tunausemea kwenye chakula na usingizi. Umekula? "Tu as mangé ?" Ukimtumia mtu hii saa saba mchana amejua yuko moyoni mwako. Umeamkaje, "tu as bien dormi ?" Umeshindaje, "tu as passé une bonne journée ?" Habari za nyumbani, "comment va la famille ?" Nimefika salama, "je suis bien arrivé", dada anaongeza e, arrivée, na ukitoka Kigoma ukavuka ziwa usilale bila kuituma hii, mtu upande wa pili anasikiliza upepo. Safari njema ni "bon voyage", ya barabarani kama unapitia mpaka wa Manyovu unaweza kusema "bonne route". Nisalimie mama, "salue ta mère de ma part". Nakuombea, "je prie pour toi". Mungu akulinde, "que Dieu te garde". Usijali, "ne t'inquiète pas". Karibu ya mgeni mlangoni ni "entrez" au "bienvenue", ila karibu ya chakula usiseme bienvenue, sema "viens manger avec nous", njoo tule.

Bonsoir na bonne nuit watu wanachanganya sana. Bonsoir ni salamu ya jioni, unafika nayo. Bonne nuit unaagia unapoenda kulala, ukiifungulia nayo maongezi mwenzio anajua umeshaondoka. Ukitaka kuipamba ongeza "fais de beaux rêves", ota ndoto nzuri.

Yapo maneno lazima nikuonye. Busu ni "un baiser", jina, sawa kabisa. Lakini usilifanye tendo, baiser likiwa kitenzi ni tusi la chumbani, ukitaka nakubusu andika "je t'embrasse", au malizia meseji na "bisous". Nasikia joto ni "j'ai chaud", yani nina joto, ukisema "je suis chaud" au "je suis chaude" umesema una hamu nyingine. Nimeshiba ni "j'ai bien mangé", dada usiseme "je suis pleine" mbele ya wakwe, pleine wanasemewa ng'ombe na mbuzi wenye mimba. "Je te veux" siyo nakuhitaji, ni nakutamani, ukitaka nakuhitaji ni "j'ai besoin de toi".

Ukitumia programu ya simu

Sikukatazi Google Translate, hata mi naifungua neno likinitoroka. Ila ilishe Kiswahili kilichonyooka, usiandike "nmekumic bby" ukategemea maajabu. Weka sentensi fupi moja moja. Ukiipa "anakupenda" itabidi ichague kati ya il na elle bila kukuuliza, ichunguze. Angalia imekupa tu au vous, angalia e za kike, alafu chukua ule Kifaransa uugeuze tena kuja Kiswahili, kama kilichorudi siyo ulichotuma basi usitume kwa mtu. Na vifupisho utavyoletewa usiviingize kwenye programu, haiviwezi vyote: slt ni salut, bjr ni bonjour, cc ni coucou (salamu ya kudeka, siyo ya mkwe), stp ni tafadhali, mdr ni nimekufa kwa kucheka, jtm ni je t'aime. Mi jtm siipendi, herufi tatu kwa jambo kubwa vile, andika lote.

Ukitaka kutuma kwa sauti, ndo bora zaidi, lakini fanya mazoezi kidogo. Je isome "zhe", z na sh zikiwa zimechanganyika. Je t'aime, "zhe tem". Tu me manques, "tu me mank", herufi za mwisho nyingi zinaandikwa na hazisemwi. Beaucoup ni "boku", bisous "bizu". Ile u ya tu weka mdomo kama unapiga mluzi alafu sema i. Ile r ya Paris ya kooni usijitese nayo, Bujumbura na Congo wengi wanaivingirisha kama yetu. Na ukitajiwa umri wa bibi ukasikia septante usifikiri umesikia vibaya, ni 70 na nonante ni 90, ndo hesabu waliyoachiwa na Wabelgiji, Ufaransa wanasema soixante-dix na quatre-vingt-dix.

Yule kaka wa bodaboda jibu lilikuja usiku na asubuhi alikua mlangoni kwangu kabla sijafungua. Kanipa simu nikakataa kuishika, nikamwambia soma mwenyewe. Kasogeza kioo kile kilichopasuka karibu na macho, kasoma polepole, "Toi aussi, tu me manques." Kanyamaza. Af kaniuliza, hiyo me hapo katikati ndo mimi au ndo yeye?

Nikamuuliza we umenipungukia, aliyepungukiwa nani.

"Yeye," akasema. Kakaa kwenye pikipiki yake, akaniuliza nakuja inaandikwaje. Nikamwambia "j'arrive", na siku ya boti iweke mwishoni. Akaandika mwenyewe, r moja, nikamwambia ongeza ya pili.